Chokaa, maganda ya baharini, maganda ya mayai au mifupa: kuchagua kalsiamu na changarawe kwa kuku wa mayai wa nyumbani

Mfugaji wa Mbeya mjini, Mafinga au Makambako anayeingia duka la vyakula vya mifugo na kulalamika kwamba mayai yake yanapasuka mkononi, huonyeshwa vitu vinne au vitano kwa mkupuo: kiroba cha chokaa, mfuko wa maganda ya baharini yaliyopondwa, unga wa mifupa, DCP (unga wa kiwandani wenye kalsiamu na fosforasi), na pengine chupa ya kalsiamu ya kuchanganya na maji ya kunywa. Akirudi nyumbani, jirani atamwambia hakuna haja ya kununua chochote, avunjevunje tu maganda ya mayai awarudishie kuku wenyewe. Mwingine atamhakikishia kwamba kokoto za uani zinatosha. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila wanajibu maswali tofauti, na mfugaji anabaki hajui aanzie wapi.

Kabla ya kulinganisha chochote, inafaa kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kalsiamu ni lishe: huyeyuka tumboni, huingia kwenye damu, na hatimaye huwa ganda la yai na mfupa. Changarawe ni kifaa: hukaa ndani ya firigisi na kusaga punje, majani na wadudu, kwa kuwa kuku hana meno. Chokaa na maganda huyeyuka kwa asidi ya tumbo, kwa hiyo hayadumu katika kazi ya kusaga. Jiwe gumu halitoi kalsiamu ya maana, hata kuku akilimeza kila siku. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unashughulikia kwanza vyanzo vya kalsiamu, kisha changarawe peke yake.

Vigezo

Ganda la yai moja huwa na uzito wa gramu 5 hadi 6, na takriban 95% yake ni kalsiamu kaboneti, ambamo mna gramu 2 hivi za kalsiamu yenyewe. Kuku hafyonzi kila anachokula. Ukikadiria kwamba anafyonza nusu, kuku anayetaga karibu kila siku anahitaji kula gramu 4 hivi za kalsiamu kwa siku. Chakula kamili cha kuku wa mayai hutengenezwa kikiwa na kalsiamu ya 3.5% hadi 4.5%, kwa hiyo kuku anayekula gramu 110 za chakula hicho anafikia kiwango chake bila msaada mwingine. Mahindi yana kalsiamu isiyozidi 0.05%, na pumba zake hazina nafuu. Mashudu ya alizeti yana zaidi kidogo, lakini hayafikii hata nusu asilimia. Dagaa huongeza kiasi kutokana na mifupa yao, ila hakuna anayeweza kuwalisha kuku dagaa wa kutosha kujenga maganda bila kufilisika, na mayai yenyewe yangenuka samaki.

Kutokana na hayo, vyanzo vyote vipimwe kwa mambo manne: kalsiamu iliyomo, ukubwa wa chembe, upatikanaji na gharama yake huku Nyanda za Juu Kusini, na hatari inayoambatana nacho. Nimeiacha nje kalsiamu ya chupa. Ni ya kusaidia kwa siku chache kuku aliyeishiwa nguvu, na kuitegemea kila siku ni kununua kwa bei ya dawa kitu kinachopatikana kwa bei ya chakula.

Kalsiamu iliyomo

Hapa tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Chokaa nzuri ya mifugo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa, ina kalsiamu ya 36% hadi 39%. Maganda ya chaza na kombe za baharini yana 37% au 38%, na maganda ya mayai yaliyokauka yako humo humo, kwa kuwa vyote vitatu ni kitu kile kile kikemia. Anayelipia maganda ya baharini kwa kuamini kwamba yana kalsiamu mara mbili ya chokaa amedanganywa, ingawa huenda, kama tutakavyoona, bado amenunua kitu cha maana kwa sababu nyingine.

Unga wa mifupa na DCP viko katika kundi lao. Kalsiamu yake ni pungufu, kati ya 22% na 30%, lakini vina fosforasi, ambayo chokaa na maganda karibu hayana kabisa. Kuku anahitaji fosforasi kwa ajili ya mifupa yake. Ikizidi, hata hivyo, huvuruga utengenezaji wa ganda, na anayeongeza mifupa kila anapoona ganda jepesi anaweza kulizidisha tatizo lile lile analolikimbia. Mifupa ina nafasi yake katika mchanganyiko wa nyumbani, kilo 2 hivi katika kila kilo 100, na haipaswi kupewa kazi ya chokaa.

Ukubwa wa chembe

Kigezo hiki ndicho kinachopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vyote. Yai hukaa kama saa 20 katika sehemu inayolitengenezea ganda, na kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku yuko juu ya kitulio na hali chochote. Chokaa ya unga aliyokula mchana huwa imekwisha kuyeyuka na kupita. Giza linapoingia, kuku huanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, na mkopo usiolipwa kwa miezi kadhaa huonekana kwa kuku anayelala ubavu, miguu ikiwa haina nguvu, huku mayai yake yakizidi kuwa mepesi. Chembe kubwa za milimita 2 hadi 4 husubiri kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku kucha, zikitoa kalsiamu saa ile inapohitajika.

Maganda ya baharini yanashinda katika kigezo hiki, kwa kuwa huuzwa yakiwa vipande. Maganda ya mayai yanategemea mkono wa aliyeyavunja: yakitwangwa mpaka yakawa unga yanapoteza faida hii, na yakivunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele yanaifikia kwa kiasi, ijapokuwa ni membamba na huyeyuka mapema kuliko chaza. Mifupa na DCP huja kama unga. Chokaa nayo huuzwa zaidi kama unga, lakini viroba vingi vina chembe ndani yake. Chukua kilo moja, uipitishe kwenye kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, nawe utabaki na chembe za kuanzia milimita moja na kuendelea, nyeupe au za kijivu, zinazokwaruza kiganja. Hizo ziweke kwenye kopo lake, na unga uliochujwa urudi kwenye mchanganyiko wa chakula. Baadhi ya wasagaji wako tayari kukuuzia chokaa ya chembe ukiwaomba, kwa sababu kwao ni kusaga kwa muda mfupi zaidi.

Wataalamu wa lishe ya kuku hupendelea kalsiamu igawanywe, sehemu ikiwa unga na sehemu chembe, na kadiri kuku anavyozeeka sehemu ya chembe iongezwe. Kuku aliyevuka mwaka mmoja wa kutaga hutoa mayai makubwa zaidi bila kuongeza kalsiamu kwa kiasi hicho hicho, na ndiyo sababu ganda lake huwa jembamba hata kama chakula hakijabadilika.

Upatikanaji na gharama

Chokaa ndiyo rahisi kuliko vyote, na hakuna mfugaji wa Mbeya au Iringa anayehitaji kusafiri mbali kuipata. Mawe ya chokaa yapo Songwe, ambako yamekuwa malighafi ya kiwanda cha saruji kwa miongo kadhaa. Maganda ya baharini hupanda kutoka pwani kwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na nauli ya kilomita zaidi ya 800 mpaka Mbeya imo ndani ya bei yake. Iringa iko karibu zaidi na pwani, kwa hiyo tofauti ya bei hapo hupungua kidogo.

Maganda ya mayai ni ya bure, ila hesabu yake ina kikomo ambacho wengi hawakioni. Anayeuza mayai kwa trei ameuza na maganda yake. Familia inayokula theluthi moja ya mayai yake haiwezi kurudisha zaidi ya theluthi ya maganda, na hata yangerudi yote, kuku hafyonzi kalsiamu yote iliyomo. Wauza chipsi mayai wa Mwanjelwa au wa stendi yoyote hutupa ndoo nzima ya maganda kila jioni na wengi watakupa bila malipo, jambo linaloondoa upungufu lakini linaloleta hatari nitakayoieleza. Unga wa mifupa hupatikana kwa wasagaji wengi, ubora wake ukitofautiana sana, na DCP ni ghali zaidi kwa kilo ijapokuwa hutumika kidogo.

Ili usinunue kwa kukisia, fanya hesabu hii. Kuku asiyepata kalsiamu kwingine anahitaji gramu 10 hadi 11 za chokaa au maganda kwa siku. Kuku 20 wanaotaga vizuri wangemaliza kilo 6 hivi kwa mwezi. Wakiwa wanakula chakula kamili cha dukani watagusa sehemu ndogo tu ya hiyo, na kopo la maganda litakaa wiki kadhaa.

Hatari

Chokaa ina hatari kubwa kuliko vingine, na inatokana na duka lenyewe. Jina moja hubeba bidhaa tatu. Ipo chokaa ya mifugo. Ipo chokaa iliyochomwa, ya kupaka ukuta na kujengea, ambayo huunguza mdomo na utumbo na haifai kulishwa kuku hata chembe moja. Tena ipo chokaa ya kilimo, ambayo huku kwetu iko madukani kwa wingi kwa sababu mashamba mengi ya Nyanda za Juu yana udongo wenye asidi. Baadhi ya chokaa ya kilimo ni dolomaiti, jiwe lenye kalsiamu ya 22% hivi pamoja na magnesiamu ya 13% hivi, na magnesiamu kwa kiwango hicho huharisha kuku na kudhoofisha maganda. Usikubali kiroba kisicho na maandishi. Kipimo cha nyumbani kipo, ingawa hakimalizi shaka zote: dondoshea siki au maji ya ndimu juu ya chembe. Jiwe la chokaa hutoa povu mara moja, dolomaiti hutoa povu hafifu na la polepole, na jiwe la kawaida halitoi kitu. Chokaa iliyochomwa ambayo bado ni mbichi huchemka yenyewe ikiguswa na maji.

Maganda ya baharini ni salama, isipokuwa yanapokuwa na mchanga mwingi au chumvi isiyooshwa. Onja kipande kwa ncha ya ulimi. Kikiwa na chumvi, loweka na uanike kabla ya kulisha.

Maganda ya mayai yana hofu mbili. Ya kwanza ni kuku kuzoea kula mayai, na huzuilika kwa kuyavunja hadi yasifanane na yai tena. Ya pili ni magonjwa, na hii ndiyo nzito. Maganda ya mayai yako mwenyewe yana hatari ndogo, lakini ndoo ya muuza chipsi imekusanya mayai ya mabanda usiyoyajua. Yaoshe, kisha uyakaange makavu kwenye kikaango kwa dakika 10 hadi 15, mpaka utando wa ndani ukauke na ganda livunjike kwa kidole kwa mlio mkavu. Asiye na nafasi ya kufanya hivyo kila mara ni heri anunue chokaa.

Mifupa nayo iwe imechomwa au kupikwa kwa joto kali kabla ya kusagwa. Unga unaonuka uozo urudishe kwa aliyekuuzia.

Vyanzo vyote vina hatari moja inayovihusu: vifaranga na kuku wanaokua wanahitaji kalsiamu ya 1% hivi tu. Wakilishwa chakula cha kuku wa mayai kwa miezi, figo zao huharibika. Kiwango kipandishwe wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, ambalo kwa kuku wa kisasa hutokea wakiwa na wiki 18 hadi 20.

Kuchanganya au kuweka pembeni

Chokaa ya unga haina budi kuchanganywa, kwa sababu kuku hapendi unga mkavu peke yake. Kilo 8 za chokaa katika kilo 100 za mchanganyiko, pamoja na zile kilo 2 za mifupa, hufikisha 3.5% hivi. Koroga kwa koleo mara kadhaa, maana chokaa ni nzito na hutulia chini ya kiroba.

Vyenye chembe viwekwe kwenye chombo chao, pakavu, na visichanganywe kwenye chakula. Kuku anayetaga hutafuta kalsiamu zaidi alasiri na jioni kuliko asubuhi, na mwenye yai njiani atakula zaidi ya mwenzake aliyepumzika. Jogoo ataonja na kuondoka. Utaratibu huu unafaa sana uani, ambako kuku wa rika tofauti wanaishi pamoja na huwezi kuwatengea chakula. Ubaya wake ni kwamba huwezi kujua nani amekula kiasi gani, na vipande vingi humwagwa chini kwa makucha.

Kalsiamu pia haifyonzwi bila vitamini D. Kuku anayezurura juani hujitengenezea mwenyewe. Huko Makete, Njombe na Mufindi, katika majira ya ukungu na baridi ya Juni hadi Agosti, wengi huwafungia kuku ndani, na hapo primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuongeza kwenye chakula) yenye vitamini D huwa na maana kuliko kuongeza kilo nyingine ya chokaa. Kyela hali ni kinyume: joto la kando ya Ziwa Nyasa huwafanya kuku wahemeke, kuhema huko hupunguza uwezo wa damu kutengeneza ganda, na maganda huwa mepesi hata chokaa ikijaa. Kivuli, maji baridi na kulisha alfajiri na jioni husaidia zaidi. Kumbuka vilevile kwamba mayai yaliyopinda au yasiyo na ganda yanayoanza ghafla banda zima yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa kama mdondo, na hapo anayetakiwa ni daktari wa mifugo.

Changarawe

Mpasue firigisi kuku aliyekuwa akizurura Iringa mjini, ambako miamba ya matale imetanda mpaka uani mwa watu, nawe utakuta vijiwe vigumu vya kwatzi vilivyolainika kwa kusaga, vingine vikiwa bado na kingo. Kuku huyo hahitaji kununuliwa kitu. Rungwe ni tofauti kidogo: udongo wake ni wa volkeno, na mawe mepesi yenye matundu yaliyomo humo humomonyoka upesi, hivyo kopo la changarawe ngumu ya mtoni linaweza kusaidia hata kuku walio nje.

Chaguo ni tatu. Kuwaacha kuku watafute wenyewe hakuna gharama na kunatosha popote penye ardhi yenye vijiwe. Mchanga mkubwa wa mtoni ni bure au bei ndogo, umelainika, na unahitaji kuoshwa na kuchekechwa ili zibaki chembe za milimita 3 hadi 5 kwa kuku wakubwa, na milimita 1 hadi 2 kwa vifaranga. Kokoto zilizopondwa za mafundi ujenzi ni ngumu na zenye kingo, jambo zuri kwa kusaga, mradi vumbi liondolewe na zisitoke kwenye rundo lililokwisha changanywa na saruji. Anayekula unga tupu hahitaji changarawe nyingi. Anayepewa mahindi mazima, mtama au majani akiwa amefungiwa kwenye sakafu ya saruji anaihitaji kweli.

Kwa hali yako

Ukiwa unanunua chakula kamili cha kuku wa mayai na kuku wako hawajatimiza mwaka wa kutaga, usiongeze chokaa ndani yake. Kopo dogo la maganda ya mayai yaliyokaangwa linatosha kama tahadhari. Ukiwachanganyia chakula hicho mahindi au pumba nusu kwa nusu ili kupunguza gharama, umepunguza na kalsiamu kwa nusu, na hapo maganda ya baharini au chembe za chokaa pembeni ni lazima.

Ukiwa unachanganya mwenyewe kwa pumba, mashudu na dagaa, chokaa ya unga ndiyo msingi wako, mifupa kidogo kwa ajili ya fosforasi, na chembe kwenye kopo kila jioni. Katika hali hii ningenunua maganda ya baharini kwa kuku wazee tu, na wengine wangetumia chokaa iliyochekechwa.

Ukiwa na kuku wa kienyeji watano au sita wanaozurura, wanaotaga mayai kumi na kitu kisha wakaatamia, maganda ya mayai ya nyumbani na kiganja cha chembe za chokaa wakati wa kutaga vinawatosha, na changarawe watajitafutia. Wakifungiwa msimu wa kupanda ili wasiharibu mahindi ya jirani, waongezee kopo la mchanga wa mtoni tangu siku ya kwanza.

Ukiwa na chotara au kuku wa kisasa waliofungiwa muda wote, weka makopo mawili yaliyotengana, moja la kalsiamu ya chembe na jingine la changarawe, juu kidogo ya usawa wa mgongo wa kuku ili yasijae takataka, na uyakague kila jioni. Kopo la kalsiamu likianza kumalizika upesi kuliko kawaida, pima upya chakula kilichomo kwenye kiroba kabla hujalaumu kuku.